Simu ya Saa Tisa na Nusu

Kwa miaka kumi na mmoja, kila siku ya kazi, simu ya mezani kwa Mama Bei ililia saa tisa na nusu alasiri. Hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Aliinyanyua kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado umeshika kalamu, na kabla hajasema lolote sauti nzito ya meneja wa mfuko ilimuuliza, "Dada, mtoto ana kilo ngapi leo?"

Mtoto ni bei ya kipande. Watu elfu kadhaa, walimu, wauguzi, mafundi, wenye maduka, walikuwa wameweka akiba zao pamoja katika mfuko mmoja wa uwekezaji, na meneja ndiye aliyezitumia kununua hisa na hatifungani, yaani hati za mikopo zenye riba, kwa niaba yao. Kila jioni ilibidi ijulikane kipande kimoja cha mfuko huo kina thamani gani, ili anayeingia alipe kilicho haki na anayetoka apewe kilicho haki. Meneja hakupima mwenyewe. Kazi ya kupima ilipewa ofisi ndogo ya vyumba viwili juu ya duka la vioo, na ndani ya ofisi hiyo ilikuwa kazi ya Mama Bei. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Akishamsomea tarakimu, meneja alinyamaza kidogo. Mama Bei alimsikia akipumua huku akipiga hesabu kichwani. Kisha alisema, "Sawa, mpeleke kwa wenyewe." Au, mara moja moja, "Mh. Mpime tena." Na akisema mpime tena, Mama Bei alikuwa na hakika ya kukuta kitu: sifuri iliyotoroka, au bei ya juzi iliyoachwa mahali pa bei ya leo. Alimtaja meneja katika sala zake za asubuhi, baada ya mumewe na watoto, kama mtu anavyomtaja kaka yake.

Halafu ikaja kanuni mpya.

Barua ya Mamlaka inayosimamia mifuko ilikuwa na kurasa arobaini. Mama Bei alizisoma zote kwa jioni tatu, mezani kwake nyumbani, akipigia mstari kwa rula. Anayesimamia mfuko na anayepima bei wasizungumze habari ya bei kabla haijatangazwa saa kumi. Meneja aione pamoja na watu wote. Akiwa na shaka, amwandikie mdhamini, yule aliyewekwa kuwalinda wenye vipande, na mdhamini ndiye aulize. Kosa likizidi nusu ya moja kwa mia, liripotiwe siku hiyohiyo lilipogunduliwa, kabla ya saa kumi na moja jioni. Ndugu wa mpimaji akinunua au akiuza, iandikwe. Na kila ofisi ya upimaji iombe kibali upya. Atakayenyimwa afunge mlango wake.

Sababu ya ule ukimya wa kabla ya saa kumi ilikuwa imeandikwa kwa mstari mmoja: meneja hulipwa kulingana na ukubwa wa mfuko, na anayelipwa kwa uzito hapaswi kukaa karibu na mizani.

"Basi kuanzia Jumatatu sikusumbui tena," meneja alisema siku ya mwisho.

"Hujawahi kunisumbua, kaka."

"Wametujengea ukuta, dada."

"Ukuta wenyewe una dirisha. Linafunguliwa saa kumi."

Wakacheka wote wawili, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.

Kanuni ilitaka pia mpimaji wa pili ndani ya ofisi. Mkurugenzi, mwenye ofisi, hakuwa na mshahara wa kumlipa mhasibu mwingine, kwa hiyo alimleta mwalimu wa hisabati aliyestaafu. Mwalimu alikuja saa nane kila siku na kikokotoo chake, chai yake kwenye chupa, na kalamu nyekundu. Alikagua kila mstari, na chini ya ukurasa aliandika alama.

"Tisa kwa kumi?" Mama Bei aliuliza siku ya kwanza. "Mwalimu, nimekosa wapi?"

"Hujakosa. Mwandiko."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kesho uandike vizuri."

Jumanne ya wiki ya pili, kabla ya saa sita mchana, wifi yake alimpigia simu. Huyu alikuwa dada wa mumewe, mwenye saluni, mwanamke asiyejua kusema polepole.

"Wifi! Nimeingia! Asubuhi hii, nimenunua vipande vyangu, karatasi ninayo mkononi. Miezi sita unaniimbia mfuko, mfuko, leo furahi."

"Hongera, wifi. Umenunua kwa bei gani?"

"Mimi nitajuaje? Wameniambia bei ni ya jioni. Si wewe ndiye unayeipika?"

"Siipiki. Naipima."

"Haya, nipimie vizuri basi, usinipunje."

Mama Bei alicheka, akaandika jina la wifi katika daftari la ndugu, kama kanuni ilivyotaka, na kurudi kwenye kazi yake.

Alasiri ile bei ilipotoka, kitu kilimgusa. Mtoto alikuwa amepungua. Kama jana alikuwa na kilo kumi, leo alikuwa amepoteza gramu mia mbili, na soko lilikuwa limetulia siku nzima. Mama Bei alikaa akiitazama tarakimu. Saa tisa na nusu ikafika. Macho yake yakaenda kwenye simu bila yeye kuyatuma, na simu haikulia. Kwa miaka kumi na mmoja, asipoambiwa apime tena, maana yake ilikuwa mambo ni sawa. Sikio lake lilikuwa limezoea hivyo. Mwalimu akamaliza kukagua, akaandika kumi kwa kumi kwa mara ya kwanza, akaizungushia duara. Saa kumi kasoro dakika tano Mama Bei akaituma bei.

Asubuhi ya Jumatano alifika mapema, kama kawaida yake. Alifungua dirisha, akaketi, akafumba macho na kusali sala yake fupi ya kuanzia kazi: Mola, nipe macho ya kuona kilichopo. Alipofumbua, kitu cha kwanza alichokiona ni trei ya barua. Juu kabisa kulikuwa na taarifa kutoka benki inayotunza hisa za mfuko. Ilikuwa imefika Jumatatu, na yeye mwenyewe alikuwa ameibandika kikaratasi cha njano kilichoandikwa "soma kesho".

Kampuni ya saruji ilikuwa imegawa hisa zake. Kuanzia Jumanne, kila aliyekuwa na hisa moja alikuwa na mbili, na bei ya kila moja ilikuwa nusu ya ile ya awali. Mwenye hisa hapati wala hapotezi. Ni mkate uleule uliokatwa vipande vingi zaidi. Lakini Mama Bei alikuwa amechukua bei mpya, ile nusu, akaizidisha kwa idadi ya zamani. Nusu ya saruji yote ya mfuko ilikuwa imeyeyuka kwenye karatasi yake. Hizo ndizo gramu mia mbili.

Alishika paji la uso. Kisha akafungua daftari la wanachama, kuona nani alipita katika mlango ule siku ile.

Waliotoka walikuwa watatu. Mmoja alikuwa fundi seremala, mwanachama tangu mwaka wa kwanza wa mfuko, aliyetoa akiba yake yote anunue mashine ya randa. Alikuwa amepunjwa mbili katika kila mia. Walioingia walikuwa wawili, nao walikuwa wamepata kwa bei ya chini kuliko haki. Wa kwanza alikuwa muuguzi. Wa pili alikuwa wifi.

Mama Bei alilifunga daftari, akalifungua tena, kana kwamba jina lile lingebadilika.

Mkurugenzi alipofika karibu saa nane, alimweleza yote akiwa amesimama. Mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha wageni.

"Ombi letu la kibali liko mezani kwao," alisema. "Hivi sasa tunavyoongea. Unajua hilo."

"Najua."

"Wakinyima, ni mimi, wewe, Mwalimu na yule dada wa mapokezi. Wote nyumbani."

"Najua, bosi."

"Na katika watu wote duniani, aliyenunua bei ya rahisi ni wifi yako."

"Nimemwandika kwenye daftari la ndugu. Kabla sijajua."

"Nani ataamini ni kabla?" Alisema bila ukali, na hilo lilimuuma zaidi. "Mama Bei, mimi sisemi tudanganye. Nasema tungoje. Wiki moja tu, kibali kitoke. Tusijichimbie kaburi kwa jembe letu wenyewe."

Mwalimu alikuwa ameingia katikati ya maneno hayo na chupa yake ya chai. Alichukua karatasi ya jana, akaitazama ile kumi kwa kumi aliyoiandika, akaifuta kwa mstari mwekundu.

"Nilikagua kuzidisha," alisema. "Kuzidisha kulikuwa sahihi. Sikuuliza kinachozidishwa kimetoka wapi." Akamimina chai. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mimi ni mwajiriwa wa nusu siku, mtaamua nyie."

Mkurugenzi akatoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Mama Bei alifanya kazi ya siku ile kwa utaratibu. Akaweka idadi mpya ya hisa za saruji, na mtoto akarudia uzito wake. Kwa macho ya nje ingeonekana soko limeshuka Jumanne na kupanda Jumatano. Fomu ya kuripoti kosa ilikuwa imefunguliwa kwenye kompyuta, tupu. Alijiambia ataijaza baada ya bei. Kisha akajiuliza kwa nini baada ya bei, akakosa jibu analoweza kumwambia Mungu.

Saa tisa na nusu simu ikalia.

Aliitazama mpaka ikalia mara nne. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe.

"Dada," meneja alisema. Hakuuliza kilo. "Jana nililiona saa kumi na dakika moja. Ni saruji, sivyo?"

"Kaka, saa hizi hatutakiwi kuongea."

"Sisikilizi bei. Wala sikuulizi. Nasikiliza hali yako tu. Umeshapima sawa leo?"

Mama Bei aligeuza karatasi ya bei ikalala kifudifudi.

"Basi mtoto atapona mwenyewe. Ilikuwa niandike kwa mdhamini kabla ya jioni. Siandiki. Watu wataona soko limeyumba siku moja, wataendelea na maisha yao. Sitaki uumie kwa sababu ya kanuni iliyonizuia kukupigia. Ningekupigia jana, lisingetokea hili."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Sauti ile ilikuwa ya mtu anayemtakia heri, na nje ya dirisha mchana ulikuwa mzuri, mfanyakazi wa duka la vioo akipangusa kioo kikubwa kilichoegemezwa ukutani, na anga yote ikiwa ndani yake.

"Na seremala?" Mama Bei aliuliza.

"Seremala gani?"

Hapo ndipo alipoelewa kitu ambacho hakuwahi kukifikiria kwa miaka yote hiyo. Meneja hakuwa akimjua seremala. Angemjuaje? Yeye alijua hisa, hatifungani na riba, alijua uzito wa mtoto mpaka gramu ya mwisho. Majina ya wenye mtoto yalikuwa katika daftari lililo kwenye droo ya Mama Bei.

"Kuna fundi alitoka jana na pesa pungufu," alisema. "Ananunua mashine. Labda imebaki kidogo asifike bei ya muuzaji. Sijui. Na wifi yangu ameingia na kilicho cha seremala huyo. Hajui, lakini amekichukua."

Alimsikia akipumua upande wa pili, akipiga hesabu.

"Nimekuelewa," meneja alisema hatimaye. "Basi tufanye hivi. Ripoti kosa lako. Mimi sijapiga simu."

Mama Bei alifumba macho. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku namba saba: je, kulikuwa na mazungumzo yoyote na meneja wa mfuko kabla ya kutangazwa kwa bei?

"Umepiga, kaka," alisema. "Nitaandika na hilo."

"Dada."

"Nisamehe."

"Miaka kumi na mmoja."

"Ndiyo. Nisamehe."

Safari hii Mama Bei ndiye aliyekuwa wa kwanza kukata simu. Saa kumi alitangaza bei. Saa kumi na dakika arobaini fomu ilikuwa imejazwa: kosa, sababu yake, kikaratasi cha njano, waliopunjwa, waliozidishiwa, uhusiano wake na mmoja wao, na simu ya saa tisa na nusu. Aliipeleka kwa Mkurugenzi atie sahihi, kwa kuwa bila sahihi yake haikwenda. Mkurugenzi aliisoma mara mbili.

"Umesali kuhusu hili?" aliuliza.

"Nimesali."

"Hukusali kuhusu kibali?"

"Nilisali kuhusu hicho pia. Hilo la pili sijajibiwa."

Mkurugenzi akacheka bila kutaka, akatia sahihi.

Ofisa wa Mamlaka alikuja Jumatatu, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikaa siku nzima akipekua mafaili. Aliangalia tarehe na saa jina la wifi lilipoandikwa katika daftari la ndugu, akaandika kitu. Jioni alimwita Mama Bei.

"Katika miaka hii yote, ulipokosea, nani aliona?"

"Meneja."

"Na meneja alipotaka bei iwe juu kidogo, nani angeona?"

Mama Bei alitaka kusema kwamba hakuwahi kutaka. Aliamini hivyo, na bado anaamini. Lakini swali halikuwa hilo. Ofisa hakumngoja. Alivua miwani, akashukuru kwa chai.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki mbili. Ofisi iwalipe waliopunjwa tofauti yao kwa gharama yake. Waliozidishiwa wapunguziwe vipande. Meneja apewe onyo la maandishi. Ofisi ipewe kibali, cha mwaka mmoja badala ya mitatu, kwa sharti kwamba kila taarifa inayoingia isomwe na kutiwa sahihi siku ilipofika. Mkurugenzi alibandika kibali ukutani, na kwa mkono wake mwenyewe akavitupa vikaratasi vyote vya njano kwenye pipa.

Seremala alikuja kuchukua tofauti yake, akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alitia sahihi polepole, akauliza kama kuna mahali pengine pa kutia.

Wifi hakuja. Alituma maneno kupitia kwa kaka yake, mume wa Mama Bei.

"Anasema duniani kuna watu wananyang'anywa na wezi," mumewe alimwambia wakila, "yeye kanyang'anywa na wifi yake."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mwizi hatumi barua ya maelezo yenye kurasa mbili. Akanikatia simu."

Ilipita wiki ya tatu. Kisha, Alhamisi moja asubuhi, wifi alipanda ngazi za ofisi, na sauti yake ikafika kabla yake. Alikuwa ameisuka upya ile hasira yake; ilikuwa sasa imekaa vizuri kichwani, haimsumbui.

"Nimetoka kununua vingine," alisema, bila salamu. "Nilifikiri nipeleke pesa zangu kwingine. Nikajiuliza, kwingine huko, wakikosea kwa faida yangu wataniambia? Nikaona hawataniambia. Basi na wakikosea kwa hasara yangu hawataniambia vilevile." Akaketi. "Bei ya leo ikoje?"

"Sijui mpaka jioni. Na ningejua nisingekuambia."

"Mkavu wewe, wifi. Kaka yangu alikupendea nini?"

"Muulize. Karibu chai."

Kilichobaki kumuuma kilikuwa simu ya mezani. Saa tisa na nusu ilipita kila siku kama chumba kisicho na mtu. Hata saa kumi, dirisha lilipofunguliwa, hakuna aliyepiga. Mama Bei aliendelea kumtaja meneja asubuhi, mahali palepale, baada ya watoto.

Mwishoni mwa mwezi mtoto aliongezeka ghafla. Mama Bei aliitazama tarakimu, na safari hii hakuitazama simu. "Mpime tena," alijiambia kwa sauti, hata Mwalimu akainua kichwa. Wakapima tena, kutoka taarifa ya kwanza ya benki mpaka mstari wa mwisho. Hatifungani mbili zilikuwa zimelipa riba siku moja. Bei ilikuwa sahihi. Akaituma saa kumi kasoro dakika mbili.

Kesho yake saa tano barua ikafika kutoka kwa mdhamini, yenye muhuri na namba ya kumbukumbu, imepita njia yake yote kama kanuni inavyotaka. Ndani yake mdhamini alinukuu swali la meneja wa mfuko, neno kwa neno: "Naomba kuthibitishiwa uzito wa kipande wa jana."

Dada wa mapokezi, aliyeileta, alikunja uso. "Uzito? Si wangeandika thamani?"

"Wameandika sawa," Mama Bei alisema.

Aliisoma mara ya pili, akaitia sahihi kwamba imesomwa, na tarehe. Kisha akavuta karatasi yenye nembo ya ofisi na kuandika jibu, kwa mwandiko ambao hata Mwalimu asingeukata alama, ili nalo lizunguke kwa mdhamini, lipate muhuri wake na namba yake, na lifike siku litakapofika: "Uzito ni sahihi. Umepimwa mara mbili."